Omena Juu ya Sola ya Baba

Enzi zetu giza lilikuwa giza, si hili la siku hizi la dakika tano ambalo mtaa mzima unapiga mayowe kama umefiwa. Hapa Nyamasaria ninapoishi, stima ikipotea kidogo wanangu hukumbatia simu zao vifuani na kuulizana kwa sauti za wagonjwa nani amebakisha chaji. Mimi hukaa zangu kitini nikicheka. Nililelewa kijiji cha ufuoni, nje ya Kisumu, ambako nguzo ya stima ya karibu ilikuwa kule barabarani, na kazi yake tuliyoijua sisi ilikuwa kufungiwa mbuzi.

Wenzangu wa rika langu wanaijua koroboi. Ulisoma umeinamia ule moto mpaka nywele za mbele zikaungua, na asubuhi ukipenga kamasi ilitoka nyeusi. Mwalimu wetu hakuhitaji kukagua madaftari. Alitutazama puani akajua nani alisoma na nani alilala.

Na mawe ya redio, zile betri zake, nani ameyasahau? Nikiwaona vijana wa leo wakija na kompyuta kutueleza habari za nguvu za jua, natamani wanipe kwanza kiti na soda. Biashara hiyo tuliianza sisi. Mawe yakiisha nguvu tuliyang'ata kwa meno, tukayaanika juani tangu asubuhi, na ikifika saa ya habari redio ilisema tena, ingawa msomaji alisikika kama mtu aliyekabwa koo. Siku ambazo hakuna shule mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mawe hayo. Nililinda pia omena ya Mama, wale dagaa wa ziwani, maana kuku wetu hawakubagua.

Mama alinunua omena kwa wavuvi alfajiri, akaitandaza kwenye nyavu kuukuu pale mchangani, ikang'aa yote hadi unafinya macho. Tuliigeuza kwa mikono, na harufu yake tuliivaa kama sare ya shule. Ukimwona mwanamke wa ufuoni ametazama juu, usidhani anaomba. Anatafuta wingu. Omena ikinyeshewa hubadilika rangi, na mnunuzi wake anabaki kuku peke yake. Mama akiona wingu la ukubwa wa sufuria tu, haaniki.

Baba hakuwepo katika hayo yote. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni Mombasa, akaja nyumbani kila Desemba akinukia vizuri kuliko sisi sote. Alileta mikate, vitambaa na vipande vya sabuni, akakaa siku chache, akaondoka. Mwaka mmoja mdogo wangu Odhiambo alimtazama sana wakati wa kula, kisha akamuuliza Mama, "Huyu mzee pia analala hapa?" Watu wazima walicheka. Baba alicheka pia, lakini ugali wake aliuacha nusu.

Halafu kiwanda kikapunguza watu, na Baba akashuka kwenye basi na kitanda chake, meza yake na sanduku lake, mambo yote. Majirani walikuja kutupa pole. Pole ya nini? Mimi na Odhiambo tulikuwa na furaha hata tukaona haya. Baba aliimba akinyoa ndevu. Baba alijua kutengeneza mpira wa karatasi za nailoni usiofumuka. Na Baba alikoroma! Nilikwenda shuleni kuwatangazia wenzangu kwamba kwetu sasa kuna mtu anakoroma, na waliokuwa na baba zao Nairobi walinionea wivu.

Lakini mwanamume hawezi kuishi kwa kukoroma. Siku moja Baba akamchukua Silwal, fahali wetu wa rangi ya udongo, akaenda naye sokoni. Alirudi bila Silwal. Badala yake alishuka na kioo kikubwa cheusi alichonunua kwa mchuuzi mmoja pale Mamboleo, betri ya gari, na televisheni ndogo isiyo na rangi. Kijiji kikaja kutazama kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga.

"Hii ni ng'ombe," Baba akawaambia, mkono juu ya ile sola. "Inakula jua. Haitaki majani, haitaki daktari, na haitaingia shamba ya mtu."

Jirani yetu Mzee Okelo, ambaye shamba lake Silwal alilijua vizuri, akauliza, "Na siku ikikufa, tutakula nyama gani?"

Kisha likazuka la mahali pa kuiweka. Baba alitaka paani. Wazee wakatikisa vichwa. Sola inataka kufutwa vumbi, wakasema, na wewe ni mtu wa kwenda sokoni, mtoto wako wa kiume bado anakojoa kitandani. Nani atapanda? Mama? Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba ya mumewe akiwa hai, maana ni kama anamwambia, sasa kufa basi, tumeshazoea. Baba alikuwa amesafiri mpaka Mombasa na kurudi, amefanya kazi na mashine, lakini kwa hilo hakubisha. Sola ikawekwa kwenye vigingi vinne nyuma ya jiko, kimo cha meza, ambapo Mama angeweza kuifuta na miguu yake iko chini.

Mpango wa Baba ulikuwa kuonyesha mpira. Timu yetu ya nyumbani, ile ambayo watu wa ziwa huipenda na kuitukana kwa pumzi moja, ilikuwa imeingia fainali, Jumapili alasiri. Kiingilio yai moja. Mayai yangeuzwa mjini, faida inunue sola ya pili, na ya pili izae ya tatu. Aliyasema hayo kwa macho ya mtu anayeona boma zima la ng'ombe. Lakini jioni moja tulimsikia, mimi Atieno na Odhiambo, akimwambia Mama jikoni, taratibu, "Mama Atieno, hii mpira ikikosa kuonekana mpaka mwisho, mimi narudi Mombasa. Kuna mtu ananitafutia kazi huko. Siwezi kaa hapa kama mgeni."

Wiki ile nilimwomba Mungu alete jua. Odhiambo alikwenda mbali zaidi, akaomba sola ijaliwe hamu ya kula.

Jumapili watu walijaa sebuleni, madirishani, na wengine walichungulia juu ya migongo ya wengine bila kuona kitu ila walilipa yai vilevile. Odhiambo alikuwa nje akizungusha mti wa antena. "Hapo! Hapo! Umepitisha! Rudi!" Picha ilikuwa na mvua nyingi kuliko Kericho, lakini wachezaji walionekana, na Baba alisimama kando ya televisheni kama bwana harusi.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, picha ikaanza kupungua. Ilijikunja kutoka pembeni, wachezaji wakawa wafupi, wakawa wembamba, mpira ukawa punje. Papo hapo timu yetu ikapewa penalti. Chumba kizima kilisimama. Mpigaji akarudi nyuma, akakimbia, na televisheni ikabaki na kidoa kimoja cheupe katikati, halafu hata hicho kikaondoka.

Mzee Okelo akauliza, "Imeingia ama haijaingia?"

Hakuna aliyejua, na nakuapia mpaka leo wapo wasiosemezana kwa ajili ya penalti ile. Wakataka mayai yao. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu yai halina jina. Wawili waligombania yai moja la rangi ya chai. Isitoshe, Mama alikuwa amechemsha mengine kwa ajili ya wageni, kwa hiyo kuna waliorudishiwa mabichi na kuna waliorudishiwa yaliyoiva. Mzee Okelo alirudishiwa lililoiva bila kujua, akaliweka chini ya kuku wake, akasubiri.

Baba hakula jioni ile. Hakuimba. Asubuhi niliamka nikaona begi lake limesimama mlangoni, limefungwa. Yeye alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake cha kushoto, na hakukipata, kwa sababu Odhiambo alikuwa amekilalia. Akatoka na kiatu kimoja kukitafuta nyuma ya jiko, nami nikamfuata.

Mama alikuwa pale. Alikuwa amesimama mbele ya sola akitandaza omena juu yake, kwa utulivu, kiganja kwa kiganja, hadi kile kioo cheusi kilikuwa hakionekani tena.

"Mama Atieno," Baba akasema. "Unafanya nini?"

"Naanika omena."

"Hapo?"

"Si hapa ndio kuna joto? Ulisema hii kitu inakula jua. Omena pia inakula jua. Nikaona wakule pamoja."

Baba alishika kichwa. "Na umekuwa ukianika hapa tangu lini?"

Mama hakuinua uso. "Tangu ulete."

Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akarudi mlangoni akakalia lile begi, machozi yakimtoka. "Kumbe sola yangu ni nzima!" Akakimbia hivyohivyo na kiatu kimoja kwa Mzee Okelo kumweleza kwamba ng'ombe si mgonjwa, ni mke wake amekuwa akimfunika mdomo. Begi likarudi chini ya kitanda, na sikuliona tena likifungwa. Mimi niliyeshinda shuleni siku zote zile niliamini kama kila mtu.

Kuanzia siku hiyo Mama akawa kichekesho cha ufuo wote. Sokoni walimuuliza, "Mama Atieno, hii omena yako ni ya jua ama ya stima?" Alicheka nao na kupima omena yake. Baba aliifuta sola kila asubuhi kwa kitambaa cheupe, ila haikuwahi kushiba vizuri, naye kila mara alikuwa na jibu: mafuta ya samaki yalishaingia ndani. Akaongeza nyingine, safari hii kutoka duka la mjini. Simu zilipokuja akawa anachaji za kijiji chote, kisha akafungua chumba cha kinyozi, kisha akawakodishia wavuvi wa omena taa za sola ili waachane na karabai. Leo ana jokofu kubwa pale ufuoni na samaki wa watu wanalala humo wakitetemeka. Lakini ninachokumbuka mimi si jokofu. Nakumbuka kwamba Odhiambo alipoanguka mperani akavunjika mkono, Baba ndiye aliyembeba.

Juzi vijana kutoka Milimani, kule mjini, walikuja bomani kwetu kufanya mkutano wa uwekezaji. Wanataka kujenga chumba cha baridi cha sola ufuoni, pampu za kumwagilia sukuma wiki, na mahali pa kubadilishia betri za bodaboda za umeme. Mambo mazuri kweli, siwabezi. Ila walitaja fursa, fursa, fursa, mpaka nikadhani Fursa ni mtu tunayemngoja tuanze kula. Wakamwomba Baba azungumze, kwa kuwa ndiye mwekezaji wa kwanza wa eneo hili. Nilijua atasimulia nini.

Wakati huo Akinyi, binti wa Odhiambo, ambaye ni fundi wa sola, alikuwa amevaa ovaroli akitembea juu ya paa la babu yake kama yuko sebuleni. Mama alikuwa amegeuka kabisa, akitazama ziwa, kusudi asione.

"Dani, usiogope!" Akinyi akampigia nyanya yake kelele kutoka juu. "Mimi sijaolewa, sina bwana wa kuua!"

Aliposhuka akapita nyuma ya jiko, ilipo bado ile sola ya kwanza, akaifungua kwa udadisi wake. Alitukuta jikoni, mimi na Mama, tukipakua chakula cha wageni.

"Dani, mlichezwa. Hii kitu ilikuwa feki tangu zamani. Nusu ya chini ni rangi tu wamepaka. Hata bila omena haingemaliza hiyo mechi."

Nikamtazama Mama. Nikaikumbuka asubuhi ile upya: mbingu iliyonuna, upepo wa ziwa wenye unyevu, na Mama, mwanamke asiyeliamini hata wingu la ukubwa wa sufuria, akitandaza omena.

"Mama," nikamuuliza, "kwani omena uliianika pale mara ngapi?"

Alifunika sufuria kwanza. "Mara moja."

"Na ilikauka?"

"Ikauke na nini? Ilinyesha. Hiyo yote tulipatia kuku."

Nje Baba alikuwa amefika kwenye mayai, na vicheko vilikuwa vinapasua hema. Akinyi alitaka kukimbia akamwambie habari za rangi. Mama akamshika mkono wa ovaroli.

"Kaa chini. Alikuwa ameweka begi kwa mlango."

Nilijifuta macho na kusingizia moshi, ingawa Mama siku hizi anapikia gesi. Enzi zetu hatukuwa na mwanga wa kuona kila kitu. Wanangu wangeipiga picha sola ile, simu ingewaambia ni feki kabla ya saa ya chakula, na ukweli wote ungejulikana jioni ile ile. Na Baba angepanda basi la asubuhi.

Tulitoka na sinia. Kijana mmoja wa Milimani, bado anapangusa machozi ya kicheko, akamuuliza Mama kama ni kweli kabisa alianika samaki juu ya sola. Baba alinyoosha shingo kusikiliza.

"Ni kweli, mtoto wangu," Mama akasema, akimwekea ugali. "Mimi nilifikiria ni meza."