Siku Prosesa Iliponing'okea Mkononi

Kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu, aliyenitangulia kuhamia Karatu kutoka Marangu na kufungua ofisi ndogo ya kuchapa kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Wiki hiyo alikuwa amekwenda nyumbani kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka yetu. Aliniachia funguo na onyo moja: "Chapa utakavyo, lakini usiingize mkono ndani ya hilo boksi."

Siku ya pili, jioni, alikuja mwanamume wa makamo kutoka kijiji cha Daa. Mama yake alikuwa amefariki, na yeye kama mtoto wa kwanza alitakiwa kusoma wasifu wake kwenye mazishi. Hakuja na karatasi. Alikaa kwenye benchi akasema, nami nikachapa. Alieleza jinsi mama yake alivyolima shamba la ngano peke yake baada ya kufiwa na mumewe, na jinsi alivyowaimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Maneno ya mwisho ya mama aliyatamka kwa Kiiraqw, na mimi nisiyejua Kiiraqw nikayaandika kama masikio yangu yalivyoyapokea. Nilikuwa nimeshahifadhi, najiandaa kuprinti, umeme ukakatika. Tukakubaliana arudi asubuhi. Mazishi yalikuwa saa nane mchana.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, amevaa koti jeusi, viatu vimejaa vumbi. Nikawasha mashine. Kabla sijafungua kazi yake, ikajizima. Nikawasha tena, ikajizima tena. Tatizo lilikuwa la siku kadhaa, lakini asubuhi hiyo haikudumu hata dakika mbili.

"Baba, samahani," nikamwambia. "Labda unisimulie upya, niandike kwa mkono."

Alitikisa kichwa. "Jana nilikuwa na nguvu ya kusema, binti. Leo sina."

Nikachukua bisibisi. Fundi mmoja wa Arusha aliwahi kufungua mashine ile mbele yangu, akanionyesha feni na chini yake kipande cha alumini chenye mapezi mapezi, hitsinki, kinachonyonya joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Prosesa ikipata joto sana, alisema, mashine hujizima ili isiungue. Nilipofungua nikaona vumbi jekundu limejaa kwenye mapezi kama blanketi. Nikalisugua kwa mswaki, lakini la chini halikufikika. Nikafungua vishikizo viwili, nikainua hitsinki. Haikutoka. Nikaitikisa. Haikusogea. Nikaweka mguu kwenye boksi, nikavuta kwa mikono miwili.

Ikalia *kwach!*

Nilijikuta nimerudi nyuma hadi ukutani, hitsinki mkononi. Nilipoigeuza, prosesa ilikuwa imeng'ang'ania chini yake. Imeng'oka yote, na kitasa kinachoishika kule ndani bado kimefungwa. Miguu yake, mamia ya miguu myembamba kama nywele, ilikuwa wazi, na pembeni safu nzima imelala.

Nilipiga ukunga. Sikujua kama ni mimi niliyepiga mpaka nilipoona yule baba amesimama, kofia mkononi, ananitazama.

"Imekufa?" akauliza.

Kichwani mwangu jambo lilikuwa moja: nimemng'oa mama wa mtu. Maneno yake yote niliamini yamo ndani ya kile kibati, na mimi nimeyavunja miguu.

Mama mwenye saluni ya jirani aliingia mbio, taulo begani, akidhani nimepigwa na umeme. Nikamwonyesha ile hitsinki. Akaigusa dawa ya kijivu ya kupitishia joto, iliyokauka katikati ya vipande viwili.

"Mdogo wangu, hii si kama gundi tu? Hata gundi ya nywele haitoki ikiwa baridi. Lete."

Saluni kwake alimwinua mteja mwenye rola kichwani, na mimi nikainamisha ile hitsinki chini ya draya ya kukaushia nywele, nimeizungushia taulo. Yule baba wa Daa alisimama kizingitini, hataki kuingia kwa wanawake, hataki kuondoka. Chuma kilipoanza kuniunguza vidole nikakizungusha polepole, bila kuvuta. Prosesa ikateleza, ikaachia.

Mama wa saluni akanipa wembe anaofumulia nywele. Niliupitisha katikati ya safu za miguu, nikiinyoosha mmoja mmoja huku nimebana pumzi. Mmoja ulikatika. Nikauona umedondoka kwenye taulo, mdogo kama unyoya wa nyuki, na machozi yakanitoka.

"Endelea," akasema yule baba. Ndilo neno pekee alilosema pale.

Nikarudi ofisini, nikainua mkono wa kitasa, nikaiweka prosesa mahali pake, nikaisambaza dawa iliyobaki, nikabana hitsinki juu. Nilipobonyeza kitufe nilifumba macho. Feni ikazunguka. Nilipofumbua, kioo kilikuwa kinawaka. Sikufurahi. Niliogopa zaidi, nikafungua kazi yake, nikaprinti kama mtu anayekimbizwa.

Alisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Kwenye yale maneno ya Kiiraqw akatulia.

"Hapa umekosea," akasema, akaazima kalamu na kusahihisha herufi tatu. Kisha akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaenda kutafuta gari.

Dada aliporudi nilimwambia yote. Akanikataza kushika bisibisi. Fundi wa Arusha alipokuja kuikagua mashine, alicheka.

"Ile kazi ilikuwa kwenye hadi diski, ghala la kazi zote, muda wote," akasema, akinionyesha boksi jingine la chuma pembeni. "Hata prosesa ingekufa kabisa, ungeihamishia diski kwenye mashine nyingine, ungeprinti."

Niliitazama ile diski, imelala pale, sijawahi hata kuigusa. Nikachukua kitambaa, nikaifuta vumbi.