Ukurasa wa Jaribio la Tatu

Kabla ya kustaafu nilitunza daftari la majaribio katika uwanja mdogo wa ndege nje kidogo ya Johannesburg. Tulikuwa tukiunda kombora la kupiga vifaru, linaloachiliwa na ndege angani na kwenda zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti. Kanuni ilikuwa wazi: kilichoandikwa hakiondolewi, na rubani hukisoma na kutia saini kabla ya kuruka.

Katika jaribio la tatu kombora liliwaka likiwa bado karibu mno na bawa. Niliandika hivyo. Asubuhi ya jaribio la nne alinijia mhandisi mkuu, aliyekulia uhamishoni Tanzania pamoja na marehemu mume wangu. Kiswahili alinisemesha alipokuwa na shida tu. Mkononi alikuwa na ukurasa mpya uliochapwa.

"Shemeji, weka huu badala ya ule. Wageni wa wizara wameshafika."

"Huu hausemi liliwaka mapema."

"Eish, shemeji! Umeolewa na daftari?"

"Niliolewa na nduguyo, nikamzika. Mke wa rubani simtakii hayo."

Alinyoosha mkono alichukue. Nililikumbatia daftari, nikapita mbele ya wageni, nikamfungulia rubani ukurasa wenyewe. Aliusoma mara mbili, akarudisha kalamu mezani bila kutia saini, akaanza kufungua zipu ya vazi lake la kurukia.

Mwezi uliofuata nilistaafishwa kwa barua iliyotaja sababu za kiafya. Sikuwa mgonjwa, na bado nadai barua hiyo isahihishwe.