M Kubwa na m Ndogo

Saa nne asubuhi. Mapazia ya ofisi yamefungwa, ingawa kinachochunguzwa humu ni jua lenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta, doa jeusi linatokea ukingoni mwa duara la njano, linasogea hadi katikati, linasita, kisha linarudi lilikotoka.

"Kama mtu aliyesahau funguo nyumbani," anasema mchambuzi wa takwimu, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye wenzake humwita Mama Madoa. "Hili kosa lilinitoa jasho wiki tatu. Nimelihifadhi, lisije likanitoka akilini."

Madoa ya jua ni sehemu ambazo nguvu ya sumaku imejikusanya kwa wingi. Kwa kuwa jua hujizungusha, doa huingia upande wa mashariki na kutokomea magharibi baada ya kama wiki mbili. Halirudi nyuma hata kidogo. Programu aliyoiandika hupokea mahali pa kila doa, kisha hukokotoa jinsi sumaku inavyosambaa mwaka hadi mwaka, ili ijulikane mapema jua linapoelekea kuchafuka na kuvuruga redio na setilaiti.

Mama yake mzazi hajaielewa kazi hiyo mpaka leo. Kila asubuhi hupiga simu kuuliza, "Mwanangu, nianike nguo au nisianike?"

Takwimu zilizomsumbua zilitoka kwenye madaftari kumi na moja ya mzee mmoja, mtunzaji mstaafu wa kituo cha hali ya hewa. Kwa miaka kumi na moja mzee huyo alielekeza darubini juani, akaangusha taswira yake kwenye karatasi, akaandika kila doa liko nyuzi ngapi kutoka katikati. M 40. M 27. M 13.

Mkuu wa maabara alipoona madoa yanarudi nyuma, hakuzunguka mbuyu. Yasiporekebishwa kufikia mwisho wa mwezi, madaftari yote yangeachwa nje ya hesabu.

"Niliona aibu," anasema Mama Madoa. "Miaka kumi na moja ya mtu, halafu unamwambia haifai? Nikamfuata nyumbani."

Mzee alivaa miwani, akatazama jedwali alilochapiwa, akacheka hadi akakohoa.

"Binti, herufi zangu ndogo umezipeleka wapi? M kubwa ni mashariki. m ndogo ni magharibi. Jua likitoka ni kubwa, likizama limechoka!"

Mama Madoa alikuwa amezichapa zote kwa herufi kubwa. "Ili jedwali lipendeze," anakiri, akijishika kichwa. "Nadhifu mimi! Nikafuta nusu ya jua kwa unadhifu wangu."

Alirudia kuingiza kurasa zote kwa mkono. Kompyuta ilifanya kazi saa tisa mfululizo, na madoa yakavuka kama yanavyotakiwa. Isipokuwa ya daftari la saba. Humo M zote zilikuwa kubwa, mwandiko wa duara, uliotulia.

Alirudi kwa mzee. Safari hii hakucheka.

"Huo ni mwandiko wa mke wangu," alisema. "Nilivunjika mguu, nikalala miezi kumi. Yeye ndiye aliyepanda ngazi kwenda kwenye darubini kila siku. Mambo ya M sikumwambia. Marehemu hakuwahi kuniuliza, nami nikadhani anajua."

Sasa Mama Madoa analifuatilia daftari hilo doa kwa doa. Nyuzi zikipungua kesho yake, doa linaelekea katikati, basi lilikuwa mashariki. Zikiongezeka, limeshavuka. Yamebaki madoa arobaini na moja yaliyoonekana siku moja tu kabla ya mawingu kufunga, na hayo hataki kuyabahatisha. Atayaandika "haijulikani".

Zimebaki siku tisa mwezi uishe. Anatumaini daftari la saba litaingia pamoja na mengine, na mwakani anataka kutafuta madaftari zaidi yaliyosahaulika kwenye makabati ya watu.

Mzee ana ombi moja tu. Jedwali lina safu ya aliyeangalia jua, na kwa daftari la saba anataka aandikwe mkewe.

"Lakini uandike neno zima, mke," alimsisitizia mlangoni. "Usiweke M tu. Watadhani ni mume."