Mama Mkwe na Ukungu wa Vioo

Wote waliojifunza udereva kwake walimwita Mama Klachi, maana neno hilo lilimtoka kinywani kutwa nzima. Alikuwa na miaka arobaini na saba, sauti ya kukwaruza, na kigari cheupe chenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wake mwenyewe. Kazi aliipenda. Kilichomkera ni vioo. Mvua ikinyesha tu, vinaingia ukungu kwa ndani mpaka barabara inapotea. Alikuwa na fulana kuukuu ya mumewe ya kufutia; akifuta inabaki michirizi, na kabla hajaikunja, ukungu umerudi. Lawama aliwatupia wanafunzi.

"Mwoga mmoja anapumua pumzi za watu watatu," aliwaambia.

Mwaka mmoja akampata mwanafunzi asiyemtarajia: mama mkwe wake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mstaafu wa chumba cha kufulia mashuka hospitalini, na tangu afiwe na mumewe gari la marehemu lilikuwa limelala tu nyuma ya nyumba. Hakutaka kuendeshwa na mtu. Wawili hao hawakuwa na ugomvi, lakini kwa miaka ishirini mazungumzo yao hayakuvuka salamu na hali ya watoto. Mume wa Mama Klachi aliposikia mpango huo, alichukua chai yake akaenda kuinywa uani, asije akaulizwa maoni.

Siku ya somo la tatu mvua ilianza asubuhi. Mama mkwe aliendesha vizuri mpaka karibu na mzunguko, vioo vikafunga ukungu. Mama Klachi akapitisha mkono wenye fulana ile kuukuu mbele ya uso wa mkwewe ili afute. Mama mkwe akashtuka, akakata usukani, gurudumu likapanda ukingo wa barabara. Mama Klachi akakanyaga breki. Gari likazima.

"Umeniziba macho," mama mkwe alisema taratibu.

"Nilikuwa nafuta, mama."

"Naona. Tangu juzi nakuona unafuta."

Waliwasha taa za tahadhari, wakakaa ndani ya vioo vyeupe pe. Kisha mama mkwe akanusa hewa mara mbili.

"Gari lako linanuka kama shuka lililosahaulika kwenye ndoo."

Mama Klachi, aliyekuwa akiliosha gari hilo kila Jumamosi, naye akanusa.

"Hebu inua miguu," mama mkwe akasema. Akainama, akafunua mati ya kukanyagia ya upande wa mwalimu, akakandamiza kapeti. Maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. "Haya ndiyo yanayopanda kwenye vioo. Pumzi zetu zinaongezea tu. Nimefanya kazi kwenye mvuke miaka thelathini, mwanangu. Ukifuta kioo na chumba bado kimelowa, unajichosha bure."

Mama Klachi alifungua kinywa ajitetee, kikatoka kicheko.

"Na mimi nimewasingizia watu wote hao uoga."

"Na mimi pia?"

"Wewe nilikuwa nakuogopa, mama."

Mama mkwe aligeuka akamtazama. "Mimi nilidhani hupendi kuambiwa kitu. Ndiyo maana nikawa nanyamaza."

Mchana huo mvua ilikatika. Wakaliingiza gari uani kwa mama mkwe, mmoja akamwaga maji juu ya mlango, mwingine akachungulia ndani. Yalipita kwenye raba ya mlango, chini kabisa, palipochanika. Wakabadilisha raba. Kapeti lilianikwa juani siku mbili. Mama mkwe aliosha vioo kwa ndani kwa maji ya sabuni, akavikausha kwa kitambaa kikavu mpaka utando wa mafuta ukaisha. Mama Klachi naye akakiri kwamba siku zote alifungia hewa ya nje kwa kuhofia vumbi. Sasa akafungua, akaelekeza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele, na kiyoyozi akakiwasha pamoja nayo. Ukungu wa pumzi zao ukajikunja kuanzia chini, ukaisha.

Mtihani wa kwanza mama mkwe alishindwa kurudi nyuma, akanuna wiki nzima. Wa pili uliangukia siku ya mvua. Ofisa wa mtihani aliingia na koti linalotiririka maji, na hawajafika mbali kioo kikaanza kufifia. Mama mkwe akapunguza mwendo, akawasha kiyoyozi, akashusha dirisha upana wa kidole.

"Mama, karatasi zangu zinalowa," ofisa alisema.

"Zitakauka, baba. Mimi nisipoona mbele, hatufiki."

Ofisa alizifunika karatasi kwa kiganja. Walipozunguka na kurudi, Mama Klachi alikuwa amesimama barazani, viatu vimelowa. Mkwewe akashuka na karatasi yenye mhuri wa kufaulu, akampa aisome mwenyewe.

"Kaa upande wako," akamwambia. "Narudi nikiendesha mimi. Na njiani nataka kukwambia jambo kuhusu mapazia yako, muda mrefu nimelimeza."

"Sema tu, mama," Mama Klachi alijibu, akaingia garini na kufunga mkanda.