Kalibu Mbili za Orval Skaar

Kaka yangu Orval hakuweza kuvumilia kuona ganda la risasi limelala chini. Mtu akifyatua, sisi tunatazama mnyama, yeye anatazama ganda la shaba linaporukia, kisha anapiga magoti kwenye nyasi kulitafuta. Tulimcheka sana. Lakini barabara yetu nzima, hapa milimani Montana, ilineemeka kwa ubahili wake huo. Msimu wa kuwinda ukiisha tulimrudishia maganda yetu matupu, kila mtu kwenye boksi lenye jina lake, na Oktoba iliyofuata alitupitishia maboksi hayo yakiwa yamejaa risasi mpya. Wote tulibeba bunduki za saizi moja kwa sababu yeye ndiye aliyetushawishi tuzinunue. Ukimshukuru, anakuuliza kama umeleta maganda yote.

Wengine siku hizi wana mashine za wenzo. Orval alikuwa na kalibu ya chuma na nyundo ya plastiki, basi. Unaingiza ganda kwenye kalibu, unaligonga mpaka shingo yake ibanwe irudi saizi, unaligonga tena litoke. Baada ya hapo unaweka kitakoni fataki ya kuiwashia baruti, unatia baruti yenyewe, unapachika kichwa cha risasi. Shingo ikibana vizuri, kichwa hakitikisiki. Gereji yake ilisikika ko-ko-ko mchana kutwa.

Mwaka kiwanda cha mbao kilipofungwa, mimi nikiwa na watoto wadogo na sina kazi, nilirudi nyumbani nikakuta friza imejaa nyama ya elki, yule kulungu wetu mkubwa kama ng'ombe. Orval hakuwa ameuliza mtu. Watoto wangu walikua kwa nyama ile, na nalisema wazi kwa sababu yeye alipokuwa hai hakuniruhusu kulisema.

Alifariki Machi. Mkewe, Lavonne, akatangaza kanisani, watu wote wakinywa kahawa baada ya ibada, kwamba siku ya kufungua msimu atapanda mlimani na bunduki ya Orval, kwa risasi atakazozitengeneza yeye mwenyewe kwa vifaa vya Orval. Za dukani hazitaki. Majira ya baridi hayataingia nyumbani kwake bila elki wa bunduki ile.

Siku mbili kabla ya msimu akanipigia simu. "Shemeji Gaylen, njoo uone vituko."

Nilimkuta gereji, miwani puani. Akachukua risasi aliyoimaliza, akabonyeza kichwa chake kwa kidole gumba. Kikazama ndani ya ganda kama kijiko kwenye uji.

Nikashtuka. Risasi kama hiyo ukiipanga kwenye magazini, mshindo wa ile ya kwanza unavisukuma vichwa vya zilizobaki viingie ndani ya maganda, na bunduki inaweza kukulipukia usoni.

"Uligonga kwa nguvu, au ulikuwa unalibembeleza?"

"Niligonga mpaka majirani wakadhani najenga ghorofa. Usinianze, shemeji."

Nikavua koti. Nilidhani ni mafuta, nikafuta kalibu, nikapaka upya kidogo tu. Shingo bado legevu. Nikapima vichwa, labda amenunua vyembamba. Vilikuwa sawa. Nikasema basi ni shaba, maganda haya yametumika mno hadi yamekakamaa, ukiyabana yanajirudia. Nikachukua machache matupu, nikazizungusha shingo zake kwenye moto wa gesi zilainike, yakapoa, nikayagonga upya. Legevu vilevile. Nikatupa nyundo mezani na kutukana.

"Kaka yako angekuwa ameshamaliza, anakunywa kahawa," Lavonne akasema.

"Kaka yangu hayupo, Lavonne!"

Lilinitoka vibaya. Yeye alinisogezea kikombe na kipande cha lefse, ile chapati yetu ya viazi, yenye siagi na sukari. Tukala. Kisha akauliza, "Wewe zako alizokupa mwaka jana zikoje?"

Nilikuwa na chache kwenye pikapu. Nikaleta moja, nikakikandamiza kichwa chake kwenye ukingo wa meza kwa uzito wangu wote. Kichwa hakikusogea hata unywele.

Shaba ile ile, vifaa vile vile, au ndivyo nilivyodhani. Ndipo nilipomulika tochi ndani ya kalibu. Pale panapobana shingo paling'aa kama kioo. Mtu alikuwa amepapiga msasa mwembamba, taratibu, mpaka pakapanuka. Nikajaribu ganda lingine. Liliingia na kutoka kwa kugongwa na kijiko cha kahawa.

"Nani kaifanya hivi?"

Lavonne akaketi. "Mikono, Gaylen. Mwaka ule wa mwisho kikombe kilikuwa hakifiki mdomoni."

Mwaka ule Orval alituambia amechoka kupanda mlima, anapiga shabaha za karatasi tu bondeni, risasi moja moja anaiweka kwa mkono. Kwa mchezo huo shingo legevu haina neno, maana magazini hamna nyingine za kusukumwa. Tulimtania kuwa amezeeka. Kumbe kalibu aliilegeza ili mikono inayotetemeka iweze kuligonga ganda.

"Lakini zako zimebana," Lavonne akasema polepole. "Basi ana nyingine."

Tuliikuta nyuma kabisa ya droo, ndani ya soksi ya sufu: kalibu ya pili, haijaguswa na msasa. Ilikuwa imezungushiwa mpira wa tairi ili isiteleze mkononi.

Lavonne akaishika kifuani. "Ndizo zile kelele. Nilikuwa namfokea, 'Orval, unanipasua kichwa!' Ananijibu, 'Vumilia kidogo, mama, bado za Gaylen.'"

Nililia, na sioni haya kulisema. Kulegeza alijilegezea mwenyewe. Zetu alizigonga kwa nguvu zote, kwa mikono ile, na akatuletea mlangoni na kutuuliza habari za maganda.

Siku iliyofuata Lavonne aligonga kwa kalibu ya pili, mimi nikapima baruti. Kila risasi tuliikandamiza kwenye ukingo wa meza. Hakuna iliyozama.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ng'ambo ya korongo niliposikia mlio mmoja. Nikasubiri wa pili, haukuja. Nikapanda haraka kadiri magoti yangu yalivyoniruhusu, nikaliona dume la elki limelala chini ya misonobari, pembe zake zimekita kwenye theluji. Lavonne hakuwa pembeni yake. Alikuwa juu kidogo, pale alipofyatulia, amepiga magoti, glavu kavua, anapekua theluji kwa vidole.

"Usisimame hapo kama nguzo, shemeji," akasema, machozi yakimchuruzika na huku anacheka. "Njoo unisaidie kulitafuta ganda."

Nikapiga magoti.