Mbegu Zilizoruka Nje ya Kinu

Sifa zote ni zako, Mungu uliyeficha shina zima ndani ya punje moja, ukaniacha hai hadi leo niyasimulie haya.

Nilikuwa mke mpya nyumbani kwa mama mkwe, huku Ugogo, wakati wa vita vya Wajerumani. Ng'ombe walikuwa wameshachukuliwa, na mume wangu alifungwa kamba pamoja na wenzake, wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi. Tulibakiwa na kibuyu cha mbegu za uwele, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko kikisubiri mvua.

Askari wakaja na Mjerumani wao, wakakitungua.

"Hiyo ni mbegu," mama mkwe alisema. "Si chakula."

"Tumbo halijui tofauti, bibi. Twangeni."

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kutwanga. Punje moja ikiruka, alikuwa akinisema hadi jioni. Siku ile aliniambia kwa Kigogo, ambacho askari wale hawakukijua, "Twanga ovyo, mwanangu." Tukatwanga ovyo. Punje zikaruka vumbini, nasi tukazikanyaga kana kwamba hatuzioni.

"Nani alikuoa wewe?" askari mmoja alinicheka.

"Mwanangu," mama mkwe alijibu. "Kwa ng'ombe wachache."

Wakacheka mpaka mate yakawatoka. Vinywa vyao vilinuka ugoro na nyama ya ng'ombe wetu.

Mara kuku wakaanza kudonoa zile punje. Kuwafukuza kungetufichua. Mama mkwe akasema kwa upole, "Wanangu, mna kitoweo? Chukueni kuku hawa."

Wakawakamata wote, wakamwita mama mkarimu.

Unga ulipopikwa uji, Mjerumani alionja akautema. Una moshi, alisema. Unga uliobaki wakawamwagia punda wa mizigo. Nimezeeka katika sala, lakini nikiikumbuka midomo ile yenye udenda ikilamba shamba letu la mwaka mzima, hutema mate chini. Nimesamehe, kwa kuwa nimeamriwa. Kichefuchefu hakijaondoka.

Walipokwenda zao tulipiga magoti, tukapepeta vumbi la ua mzima. Tulipata mbegu za kujaza kata moja. Mama mkwe hakuruhusu hata punje iingie chunguni, akawa anatafuna mizizi ya porini. Njaa ilimchukua kabla ya mvua. Nilipanda peke yangu, na uwele ukaota.

Nawe unayesoma, Mungu akuwekee mbegu nyumbani na mtu wa kukufundisha kuitunza, na mwenye bunduki asiujue mlango wako. Amina.