Mjomba Alipokuja Kuiokoa Hoteli ya Mama

Hoteli ya mama ilikuwa mjini Litein, nyuma ya soko: chumba kimoja, mabenchi, ukuta mweusi kwa moshi. Aliuza chai, mandazi, ugali na matumbo. Wakulima wakishapeleka majani chai kwenye banda la kununulia, waliingia na viatu vyao vya gambuti vyenye matope, wakala wakibishana, wakaenda. Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli nyingine yenye televisheni ya rangi, na wateja wetu wakaanza kuhamia huko kutazama mpira na mieleka.

Mama akamwita kaka yake, mpishi katika hoteli ya watalii Nairobi. Sisi watoto tulimngoja kama daktari.

Alifika siku ya soko. Hakuketi hata. Alichota supu ya matumbo, akaonja, akaitema kwenye kikombe mbele ya wazee waliokuwa wakila.

"Dada, hii unaiita chakula? Hata mbwa wa kwetu angeikataa."

Mzee mmoja akasema polepole, "Sisi tunaikula miaka yote, na hatujalalamika."

"Ndiyo maana biashara inakufa," mjomba akamjibu.

Mama alikuwa ameshika mwiko. Nilikuwa darasa la saba, na sikujua nitazame wapi.

Baada ya hapo mjomba akageuza kila kitu. Kuta zikapakwa rangi ya krimu, meza zikavikwa vitambaa, mwenye gambuti akaambiwa azivue mlangoni. Matumbo yakaondolewa, ukaja wali wa njegere na kuku wa mchuzi mzito ambao hatukulijua jina lake. Siku ya kufungua upya watu walijaa, na mama alicheka. Kesho yake mjomba akarudi kazini kwake.

Wakulima walifika mlangoni, wakatazama vile vitambaa, wakatazama miguu yao, wakavuka barabara. Mama alijaribu kupika ule mchuzi, ukamkatalia. Nikamsihi arudishe matumbo. Akayarudisha, lakini mkono wake ulikuwa umeingiwa na woga. Mwanamke aliyepika tangu usichana wake bila kupima kitu, sasa aliniita kila mara.

"Onja. Chumvi imetosha? Haijaharibika?"

Nikisema ni nzuri, alinitazama kana kwamba namhurumia tu. Akaongeza maji, akaongeza chumvi, mpaka ikaharibika kweli.

Tulifunga kabla mvua ya masika haijaisha. Krismasi mjomba alipokuja, alimwambia, "Mimi nilikuachia hoteli nzuri. Wewe ndiye umeshindwa."

"Ni kweli," mama akasema.

Nilitamani amtukane. Nilitamani amfukuze. Lakini hakusema hivyo ili kumnyamazisha; alikuwa ameyaamini maneno yake.

Tangu hapo dada yangu ndiye aliyetupikia nyumbani. Mama alikaa nje kwenye kigoda, akichambua mboga akiombwa, na alipopewa sahani alikula yote, asiseme ni tamu wala si tamu.